Fundi anataka kuniundia mashine ya kufungasha viungo kwa alumini tupu, nikubali?

Mama Iliki (Tanga)
Habari za jioni wakuu. Nafungasha viungo vya unga, iliki, mdalasini na pilipili manga kutoka Muheza, pakiti za gramu 50. Mpaka sasa tunajaza kwa kijiko na kuziba kwa mkono, uzito unapishana na wasichana wanachoka. Nimepata karakana inayotaka kuniundia mashine ya kusimama, ile inayovuta nailoni kwenye rola, inaikunja kuwa bomba, inajaza, inaziba na kukata. Fundi anasema fremu, mikono ya taya, faneli na taya zenyewe (zile zinazobana na kuziba pakiti kwa moto), vyote alumini, kwa sababu ni nyepesi na haishiki kutu. Mume wangu anacheka, anasema alumini ni ya sufuria na madirisha. Mwakani nataka niongeze achari ya pilipili kwenye mashine hiyohiyo. Nimeshaombwa malipo ya awali. Mwenye uzoefu anisaidie.

Mzee wa Changamwe
Dada, usihangaike. Mambo ya chakula weka stenlesi, kuanzia fremu hadi nati ya mwisho. Huku pwani chumvi inaila alumini unabaki na unga mweupe. Kama pesa haijatosha, ngoja itoshe.

Fundi Taya
Mama Iliki, salaam. Kazi yangu ni kufufua mashine za kufungasha, nyingi za mitumba kutoka Ulaya na China, na sijui niliyoifungua mwisho isiyo na alumini ndani. Kwa hiyo shemeji apunguze kucheka. Ila huyo fundi naye anaposema "vyote" ananitia wasiwasi. Kila kipande kina kazi yake.

Tuanze na mikono ya taya. Ukitaka pakiti 40 kwa dakika, mikono hiyo inarushwa, inasimamishwa na kurudishwa mara 40 kwa dakika, siku nzima. Kipande cha alumini cha ujazo wa lita moja kina kilo 2.7, cha chuma kinakaribia 7.85. Maana yake mkono wa chuma wa kilo 6 unashuka hadi kilo 2 na kidogo. Silinda ya upepo inakuwa ndogo, kompresa inapumua, beringi hazipigwi. Hapo fundi wako yuko sahihi kabisa.

Mtego ni huu: kwa umbo lilelile na mzigo uleule, alumini inapinda karibu mara tatu zaidi ya chuma. Fundi mvivu anachukua vipimo vya chuma, anabadilisha bamba tu, taya zinakutana zimeinama na pakiti inavuja kona moja. Utalaumu nailoni mwaka mzima. Dawa yake ni kuongeza kimo. Mkono wa alumini wenye kimo cha mm 60 ni mgumu kuliko wa chuma wa mm 40 wenye upana uleule, na uzito wake bado ni kama nusu. Muulize ameongeza kiasi gani. Akijibu "ni vilevile tu", funga pochi.

Fremu ya alumini naipenda, zile profaili, yaani nondo ndefu za pembe nne zenye mifereji, mm 40 kwa 40 au 80 kwa 80. Nati inateleza ndani ya mfereji, ukibadilisha saizi ya pakiti unalegeza, unasogeza, unakaza. Asizichomelee. Alumini iliyochanganywa na metali nyingine, kama aina ya 6061 iliyotiwa ugumu, inapoteza karibu nusu ya nguvu yake pale moto ulipopita. Na mikono asiitengeneze kwa alumini ya kuyeyusha mabaki ya sufuria na pistoni. Ukikereza kile kipande unakutana na vitundu ndani kama mkate wa kumimina, na ufa huanzia humohumo.

Mzee wa Changamwe, chumvi ni kweli, lakini stenlesi yote ni kumuuzia dada mashine mbili kwa jina la moja. Alumini peke yake inajitengenezea ngozi ya kujilinda. Balaa liko pale inapokutana na bolti ya stenlesi penye unyevu wa chumvi. Nilifungua mashine ya kiwanda kimoja cha juisi karibu na bahari, kila bolti ilikuwa na pete ya unga mweupe, na zilipotoka zilitoka zimevaa nyuzi za alumini, tundu limebaki laini. Weka washa za plastiki, paka grisi ya kuzuia kugandana, na kwenye matundu yanayofunguliwa kila wiki atie helikoili, ule uzi wa stenlesi unaopandikizwa ndani ya tundu.

Mwambie pia alumini yote iwe imepigwa anodaizi, yaani ile ngozi ya kujilinda ineneshwe kwa umeme. Kuhakiki ni rahisi: chukua maltimita, ile mita ndogo ya fundi umeme, iweke kwenye mlio, gusa profaili taratibu kwa ncha zote mbili. Ikilia, hiyo ni alumini tupu. Ikinyamaza, ngozi ipo, kwa sababu haipitishi umeme. Na kwa sababu hiyohiyo kila kipande cha fremu kiungwe waya wa ethi, penye skrubu pakwanguliwe kwanza. Usidhani bolti zimeshaunganisha.

Faneli na bomba la kujazia hapana. Siki na chumvi ya achari vitatoboa alumini, na siku msichana akiosha kwa kostiki soda utaiona inachemka yenyewe, ile ni gesi ya haidrojeni inatoka na alumini yako inaliwa.

Mama Iliki
Shukrani sana. Nimempigia. Faneli na bomba amekubali stenlesi 304. Mikono anasema ataongeza kimo. Kwenye taya amegoma, anasema alumini inasambaza moto vizuri.

Fundi Taya
Kuhusu moto hakudanganyi, inapitisha joto kama mara kumi ya hiyo 304. Lakini taya zina meno madogo, yanagongana kwenye nyuzi joto 130 hadi 180, na punje ya mdalasini ikinaswa katikati inasugua. Alumini ni laini, na ikikaa kwenye moto huo muda mrefu inazidi kulainika. Meno yakilala, pakiti haizibi. Atumie shaba ya njano, ile ya koki za maji. Joto inapitisha vya kutosha na inavumilia. Alumini abaki nayo kwenye mkono unaobeba taya, na katikati aweke bamba la kuzuia joto, la sivyo moto utapanda mpaka kwenye beringi na grisi itayeyuka.

Kwa achari, akipata stenlesi aina ya 316 badala ya 304 ni bora zaidi kwa sababu ya chumvi. Malipo ya awali mpe akishakuletea mchoro wenye vipimo vya mikono.