Naomba ushauri: nikiwapeleka wanafunzi Menengai nitakosea?

MtembeziNax: Wadau, hamjambo. Napeleka wanafunzi ziara hapa Nakuru. Shule moja inataka kidato cha tatu waone mlima uliotokana na bahari ya kale kujifunga. Menengai inafaa? Naombeni majibu ya haraka, kichwa kinaniuma.

MzeeLanet: Enzi zetu Menengai tulipanda kwa miguu kutoka mjini na nusu mkate mfukoni. Siku hizi mpaka basi!

BintiKitale: Haifai. Menengai ni volkano, na hapo ardhi inatanuka. Hiyo shule inataka milima ya mikunjo, ambayo ni kinyume: bamba moja la gandunia, yaani pande kubwa la tabaka la juu la dunia, huzama chini ya jingine, sakafu ya bahari ikamezwa, mpaka mabara mawili yakabanana na mashapo ya katikati, yaani tope na mchanga uliotuama baharini, yakakunjwa na kusukumwa juu. India iliigonga Asia hivyo miaka kama milioni 50 iliyopita. Kileleni Everest, mita 8,849, kuna mawe ya chokaa ya baharini. Lakini mbona haraka? Umeshakula pesa?

MtembeziNax: Sijala, dada. Shule ililipa tu mapema. Na bango nimeshachapisha: "Menengai, Mlima Uliozaliwa na Bahari". Jamani, mlima ni mlima. Watoto watapiga picha, watakula chapo, nani atauliza mambo ya bahari?

Kasuku_Mwariki: Ziwa Nakuru tu lilifurika tukahama nyumba, wewe unatuongezea bahari.

MamaImani: Kudanganya watoto ni dhambi. Rudisha pesa ulale usingizi.

BintiKitale: Wapeleke milima ya Cherangani, upande wa Ortum, Pokot Magharibi. Bahari ya kale iitwayo Bahari ya Msumbiji ilijifunga kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, pande mbili za bara kuu la kale, Gondwana ya mashariki na ya magharibi, zikagongana. Milima ya wakati ule ilishalika, tunayokanyaga ni mizizi yake. Kando ya barabara ya Lodwar kuna marumaru, zamani ilikuwa chokaa, na miamba ya mistari myeusi na myeupe iliyojipinda ovyo. Kwenye milima ya jirani ya Sekerr kuna mabaki ya sakafu ya bahari yenyewe. Ila urefu wa Cherangani wa leo umeletwa na Bonde la Ufa, hapo usichanganye.

MtembeziNax: Ortum ni mbali, na bei ya mafuta mnaijua. Dereva tulishaelewana ni Menengai. Halafu bango litakuwa la nini?

MwalimuMstaafu: Ngojeni kwanza. "Eleza jinsi milima ya mikunjo inavyotokea" nimelisahihisha miaka na miaka. Hakuna basi wala shule hapa. Huyu ni mwanafunzi, tunamfanyia kazi ya likizo. Bango liko wapi? Weka picha.

Kasuku_Mwariki: Swali lina alama ngapi? Tugawane na BintiKitale.

BintiKitale: Na ugali umeniungulia nikimwandikia!

MzeeLanet: Mwanafunzi gani anajua bei ya mafuta?

MtembeziNax: Picha iko kwa simu ya fundi, hashiki. Lakini BintiKitale, hiyo njia ya Sekerr, basi la viti 33 linapita?