Anayeitwa kule gofuni ni nani?

Mama Zawadi: Hamjambo majirani. Tangu watoto walale niko na The Sound and the Fury, riwaya ya Mmarekani William Faulkner. Kurasa kumi na sijui nani anaongea. Kuna watu ng'ambo ya fensi wanapiga, wanachomoa bendera, wanairudisha, wanapiga tena. Wanapiga nini? Halafu anayesimulia anaanza kulia, na hakuna aliyemgusa!

Brayo: Mimi nilifunga kitabu nilipofika kwa Quentin. Hapa ni mvulana, pale ni msichana. Na yule kijana Luster, anayemtunza msimulizi, bado anatafuta robo dola yake nyasini.

Baba Njeri: Poleni wanangu. Ujanani nilibeba mifuko ya gofu kule Ngong Road, hiyo bendera niliitambua mara moja. Inachomolewa shimoni ili mpira uingie, kisha inarudishwa. Sasa rudini mahali mchezaji anapoita. Anaita kedi, yaani mbeba mfuko wa gofu. Dada ya huyu msimulizi anaitwaje?

Mama Zawadi: Caddy. Woi!

Baba Njeri: Eeh. Sisi tukisikia "kedi!" tulikuwa tunakimbilia mfuko. Yeye anamsikia dada yake akiitwa, na dada alishaondoka. Uwanja wenyewe ulikuwa malisho yao, ukauzwa ili kaka yao Quentin aende Chuo Kikuu cha Harvard.

Mwalimu Rehema: Asante sana Mzee, mimi gofu sikuwahi kuielewa. Msimulizi ni Benjy, siku hiyo anatimiza miaka 33, na akilini mwake jana na leo havitengani. Tazameni nguo yake inaponaswa na msumari wa fensi: ni 1928, yuko na Luster. Mstari unaofuata ni mtoto, anayemnasua ni Caddy. Mara nyingi herufi zikianza kulala, wakati umehama. Faulkner alitamani kila wakati upewe wino wa rangi yake, lakini kitabu kilipotoka 1929 haikuwezekana. Brayo, Quentin ni wawili: kaka yao, na binti ya Caddy aliyepewa jina la mjomba.

Brayo: Kumbe! Nakifungua tena.

Mama Zawadi: Mdogo wangu kule nyumbani haongei. Geti likilia jioni anakimbia kufungua, kwa sababu mama alikuwa akirudi sokoni saa hizo. Mama tulimzika miaka minne iliyopita. Tulikuwa tunamwambia anyamaze.

Baba Njeri: Pole sana mama.

Mama Zawadi: Asante Mzee. Narudi ukurasa wa kwanza, pale kwenye fensi.