Mbwa wa Duke wa Richmond: mbona mkubwa hivi?

mkaa_na_karatasi:
Wakuu, siku ya nne leo nanakili kwa mkaa ile picha ya James Stuart, Duke wa Richmond na Lennox, aliyoichora mchoraji Van Dyck miaka ya 1630. Ya rangi iko Metropolitan Museum, New York. Uso umekubali, lesi ya kola nimeimudu, ila mbwa! Kichwa kinafika kiunoni mwa bwana wake. Nikimpunguza, picha nzima inalegea. Van Dyck kakosea au ni macho yangu?

kifutio:
Usimguse huyo mbwa, mkuu. Pima kwanza kichwa cha Duke dhidi ya mwili wake, utaona naye kavutwa kwenda juu. Van Dyck alikuwa na tabia hiyo, ya kuwarefusha mabwana zake. Halafu tazama macho: mbwa anamwangalia Duke, Duke hana habari naye, mkono tu ndio uko kichwani pake. Wapo wanaosimulia eti mbwa huyo aliwahi kumwokoa. Mimi hiyo naiweka kwenye fungu la hadithi. Kilicho wazi ni ile nyota ya fedha kwenye joho: nishani ya Garter, heshima ya juu ya mfalme wa Uingereza, aliyovishwa 1633 akiwa na miaka 21. Hapo anajionyesha.

sina_haraka:
Yaani binamu wa mfalme Charles I, soksi nyeupe, nywele mpaka mabegani. Huyu hata ndoo ya maji hajawahi kuinua. Chora mbwa, mwache yeye.

kifutio:
@sina_haraka ndoo sijui, ila jeneza alisindikiza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza viliwala wadogo zake watatu, wote upande wa mfalme: George pale Edgehill 1642, John Cheriton 1644, Bernard Rowton Heath 1645. Charles I alipokatwa kichwa Januari 1649, James alikuwa mmoja wa malodi wanne waliompeleka ngome ya Windsor kumzika. Theluji ilianguka juu ya jeneza, na gavana wa ngome akakataa kitabu cha sala kisisomwe. Akazikwa kimyakimya. James mwenyewe alifariki 1655, miaka 42.

sina_haraka:
Aisee. Nafuta ya ndoo.

mkaa_na_karatasi:
Basi mbwa namrudishia urefu wake. Sasa ule mkono kichwani pake: vidole virefu, vimelegea kabisa, kila nikivichora vinakuwa kama vya mtu anayebana kitu. Nianzie kiganjani au kwenye kucha?