Bima ya kazini inakatika tarehe 30 Aprili: tuchukue COBRA, bima ya kazini kwa mke wangu, au Soko la Bima?

Muuliza swali, Des Moines, Iowa

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nimefanya kazi miaka sita katika kiwanda cha kusindika nyama, na muda wote huo familia yangu, yaani mimi, mke wangu na watoto wetu wawili wa miaka 7 na 11, imetibiwa kwa bima ya kazi yangu. Mwezi huu wa Aprili 2026 zamu yetu imepunguzwa. Nimebakiwa na saa 20 kwa wiki, na ofisi imenieleza kwamba mtu wa saa hizo hana haki ya bima, hivyo yetu inakoma tarehe 30. Juzi nilipokea barua ya COBRA, yaani haki ya kubaki kwa muda kwenye bima ya kazi kwa kujilipia ada yote, na nimeisoma mara tatu mezani jikoni: wanataka dola 2,150 kila mwezi kwa bima ileile niliyokuwa nikikatwa dola 430.

Mke wangu ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kazini kwake bima ipo: akijiandikisha peke yake atakatwa dola 170 kwa mwezi, lakini akituingiza sote ni dola 790. Yeye hupata dola 3,200 hivi kwa mwezi na mimi sasa nitapata kama 1,500. Tukijumlisha na nilichokwisha kupata tangu Januari, kipato cha mwaka mzima kitafika dola 62,000. Sote tuna ukaazi wa kudumu tangu 2019.

Nina kisukari. Kalamu za insulini zilizobaki kwenye mlango wa friji ni tatu, nazo zitanifikisha katikati ya Mei. Watu wawili wameniambia kwamba, kwa kuwa mke wangu anapewa bima kazini, sisi hatuna haki ya ruzuku, yaani msaada wa serikali wa kulipia ada, katika Soko la Bima (soko la serikali ambako mtu hujinunulia bima mwenyewe). Je, ni kweli?

Jibu la 1, kutoka kwa dada aliyewahi kuandikisha watu bima, Iowa

Pole sana, kaka. Hao waliokuambia wanarudia sheria ya zamani. Hadi mwisho wa 2022, ikiwa bima ya mfanyakazi mwenyewe ilionekana kuwa nafuu, basi mwenzi wake na watoto wake nao walihesabiwa kuwa wana bima nafuu, hata kama kuwaingiza kungemaliza mshahara wote. Tangu 2023 hesabu hufanywa mara mbili: moja ya mfanyakazi peke yake, nyingine ya familia.

Kwa 2026 bima ya kazini huhesabiwa kuwa nafuu ikiwa ada yake haizidi asilimia 9.96 ya kipato cha kaya. Kwa dola 62,000, mpaka unaangukia kwenye dola 6,175 kwa mwaka. Mke wako atalipa 2,040 kwa ajili yake mwenyewe, kiasi kilicho chini ya mpaka, kwa hiyo yeye hapati ruzuku na bora achukue bima ya kazini kwake. Lakini bima ya familia nzima ingewagharimu 9,480, nayo imeuvuka mpaka huo kwa mbali, kwa hiyo wewe na watoto mnahesabiwa kuwa watu wasio na bima nafuu kazini. Na hiyo COBRA isikutishe, kwa sababu kupewa nafasi ya kuichukua hakukunyimi ruzuku. Kujiandikisha ndani yake ndiko kunakoizuia.

Watoto hawatabaki Sokoni. Kipato chenu ni kama asilimia 193 ya kiwango cha umaskini kinachotumika kwa bima za mwaka huu (dola 32,150 kwa watu wanne), na Hawki, bima ya watoto ya jimbo la Iowa, hupokea watoto hadi asilimia 302. Fomu ni moja: ukiijaza kwenye HealthCare.gov, tovuti ya Soko, majina yao yatapelekwa jimboni.

Sasa wewe mwenyewe. Kwa kaya ya kipato chenu, serikali inatazamia mchangie karibu asilimia 6.3 ya kipato, yaani dola 320 hivi kwa mwezi, kwa mpango wa pili kwa bei ya chini katika daraja la fedha (mipango ya Sokoni hupangwa kwa madaraja, kama shaba na fedha, kulingana na sehemu ya matibabu inayolipwa na bima). Ada inayozidi hapo ndiyo inayofidiwa na ruzuku. Mchango huo haupungui kwa sababu anayeingia ni mtu mmoja, na hili wengi huligundua wakati wamekwisha kupanga bajeti. Hata hivyo 320 pamoja na 170 za mama ni 490, ukilinganisha na 790.

Utaona mipango ya daraja la shaba yenye ada ndogo na itakuvutia. Kaka, nakusihi usiichukue. Kwa watu walio kati ya asilimia 150 na 200 ya kiwango cha umaskini, mpango wa daraja la fedha huongezewa nguvu hadi kulipa, kwa wastani, dola 87 katika kila dola 100 za matibabu, wakati wa shaba hulipa kama 60. Mtu anayechoma insulini kila siku hawezi kuanza mwaka kwa kulipa maelfu mfukoni kabla bima haijaanza kuchangia.

Mwisho ni tarehe, na hapo ndipo watu wetu huumia. Mke wako ana siku 30 tu, tangu bima yako ikome, za kuomba kuingia katika bima ya kazini kwake nje ya msimu, yaani hadi tarehe 30 Mei. Wewe, kwa upande wa Soko, una siku 60 kabla ya bima kukoma na siku 60 baada, yaani hadi tarehe 29 Juni, lakini usizitumie zote. Bima ya Sokoni huanza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata: ukichagua mpango kabla Aprili haijaisha, unaanza tarehe 1 Mei; ukichagua tarehe 2 Mei, unaanza tarehe 1 Juni, na kalamu zako zitakuwa zimekwisha. Aidha, bima haianzi kabla hujalipa ada ya kwanza.

Jibu la 2, Louisville, Kentucky

Naunga mkono yote aliyosema dada, na ninaongeza lililonipata mimi ili lisikupate. Bima yangu ilipokatika mwaka 2023, niliandika namba yangu ya simu kwenye tovuti iliyojidai kulinganisha bei, na kabla ya saa moja kupita nilikuwa nimepigiwa na watu saba. Mmoja aliniuzia bima ya dola 140 kwa mwezi na kuniapia kwamba inalipia kila kitu. Ilikuwa bima ya muda mfupi, isiyofuata sheria ya afya ya 2010, na nilipopeleka karatasi za shinikizo la damu nilijibiwa kwamba ugonjwa ulikuwapo kabla ya bima, hivyo hawalipi. Mpango wa Sokoni hauruhusiwi kukukataa wala kukuongezea ada kwa sababu ya ugonjwa ulio nao. Andika mwenyewe anwani ya HealthCare.gov, au piga simu yao na uombe mkalimani wa Kiswahili, halipishwi.

Kuhusu ile barua ya COBRA, usiitupe. Una siku 60 za kuamua na, ukishaamua, siku 45 za kulipa mara ya kwanza, na ikilipwa inarudi nyuma hadi siku bima ilipokatika. Ikitokea, Mungu apishe mbali, ajali katikati ya Mei kabla mambo hayajakaa sawa, barua hiyo itakuokoa. Lakini ukiichukua, ukakaa nayo, kisha ukaiacha kwa hiari yako baada ya siku zako za Sokoni kupita, itakubidi usubiri msimu wa kujiandikisha unaoanza tarehe 1 Novemba.

Jibu la 3, kutoka kwa mwandaaji wa fomu za kodi, Ohio

Mzee wangu, ruzuku hiyo ni malipo ya awali ya nafuu ya kodi, na mwakani utaifanyia hesabu kwa kutumia fomu 1095-A utakayotumiwa na Soko. Zamani, aliyepata ruzuku kupita kiasi alirudisha sehemu tu ikiwa kipato chake hakikuwa kikubwa. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 kinga hiyo imeondolewa, na ziada yote inarudishwa. Kwa hiyo zamu yako ikirudi, au ukipata kazi nyingine, ingia kwenye akaunti yako na ubadilishe kipato mwezi uleule. Kazi mpya ikikupa bima nafuu, ruzuku yako inakoma hata kama hukuichukua bima hiyo.

Kwa wengine wanaosoma hapa: wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu wataondolewa kwenye ruzuku ya Soko kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Mwenye haki ya kuomba ukaazi na aombe sasa.

Muuliza swali

Nawashukuru kwa moyo wote. Jana usiku, watoto walipolala, tulikaa na mke wangu tukaijaza fomu hadi saa sita. Nimechagua mpango wa daraja la fedha baada ya kuhakikisha kwamba insulini yangu imo katika orodha yao ya dawa na daktari wangu yumo katika mtandao wao, na ada ya kwanza nimeilipa leo asubuhi. Mke wangu amepeleka ombi lake ofisini kwao, na majina ya watoto yameonekana kupelekwa Hawki. Mfumo unanidai ushahidi kwamba bima ya zamani inakoma. Je, barua ya COBRA inatosha?

Jibu la 1

Inatosha, kaka, mradi ionyeshe majina yenu na tarehe ya mwisho ya bima. Piga picha kurasa zote, si ya kwanza pekee, na uzipakie ndani ya siku 30 tangu ulipochagua mpango.