Mrejesho: Optacon ya baba mdogo imeamka

Wakubwa, niliuliza kuhusu Optacon ya baba mdogo, asiyeona, yaani mashine ya kusomea maandishi ya kawaida kwa kidole: kamera ndogo hupita juu ya karatasi, na vijiti hutetemeka kuchora umbo la herufi. Yake vijiti vyote vilitetemeka hata kwenye karatasi tupu. Nikahofia sensa za mwanga zimekufa, na mashine hii iliacha kutengenezwa miaka ya 1990.

Sensa ni nzima! Fundi redio wa huku Kadutu alifungua kamera akakuta vitaa vyake vimeungua. Ndani mna fototransista (ndizo sensa za mwanga) 144, safu 24 kwa 6, kila moja na kijiti chake chini ya kidole. Karatasi nyeupe hurudisha mwanga, wino haurudishi, na penye wino kijiti hutetemeka. Bila taa, kila sensa iliona giza, na kwa mashine giza ni wino. Aliyenishauri niangalie taa kwanza, aksanti sana.

Vitaa vya badala havilingani sawasawa, kwa hiyo baba mdogo hurekebisha kitufe kila akibadili karatasi. Magazeti ya karatasi nyembamba yanamsumbua. Kifaransa anasoma bila shida, kwani mashine inampa umbo la herufi lilivyo, alama za juu zikiwemo. Kuna vijiti vichache bado vimekwama. Mwenye kujua namna ya kuvisafisha aniandikie.