Kufunga nipeli za grisi kwenye boljointi

Swali: Je, inafaa kutoboa boljointi (viungo vya tufe la chuma vinavyoruhusu magurudumu kupinda na kupanda-kushuka) zilizozibwa kiwandani, kwa gari linalopita matopeni na majini mara kwa mara, ili zifungwe nipeli (vichuchu vya kuingizia grisi)?

Jibu la kwanza: Inafaa iwapo kifuniko cha boljointi ni kinene kiasi cha kushika hesi za M6 (za kipenyo cha milimita 6). Ifungue kwanza kutoka kwenye gari na uisafishe kikamilifu, kwani chembe za chuma zikibaki ndani zitausaga uso uleule unaotaka kuulinda.

Jibu la pili: Bushi (vipande vya mviringo vya kwenye viungo vingine vya gari) za mpira ulioshikamanishwa na chuma ziache bila grisi, kwa kuwa hufanya kazi kwa kujinyonga, si kuteleza, na grisi ya mafuta ya petroli huuharibu mpira. Za poliyurethani hupakwa grisi ya silikoni.

Jibu la tatu: Pampu grisi polepole, kifuko cha mpira kinachofunika boljointi kikianza kuvimba, simama, kisije kikapasuka.