Ami Rashidi asiende manispaa Jumatatu

Kikundi: Ukoo wa Bibi Mwanaisha

JUMAMOSI

08:12 Ami Rashidi: Assalaam alaykum ndugu zangu na wanangu. Barua ya pensheni imetoka, malipo yanaanza mwezi ujao. Miaka 31 ya Ujerumani imetimia. Mimi na Salma tumeamua kwenda kukaa Chiang Mai, karibu na Mariamu na wajukuu. Mwenye nyumba nimeshampa notisi, tarehe 30 namrudishia funguo. Jumatatu naenda manispaa kujiondoa kwenye daftari la wakazi. Kisha tutapitia Kenya kuwaona, na viza ya wastaafu ya Thailand tutaiombea Nairobi.

08:15 Shangazi Nuru: Waalaykum salaam kaka. Alhamdulillah! Mungu akupe umri wa kuila hiyo pensheni.

08:16 Kassim: Shikamoo Ami. Hongera sana, umefanya kazi ya kutosha.

08:19 Mariamu: Babaaa 😭😭 watoto nimewaambia, wanaruka ruka hapa

08:41 Zuhura: Shikamoo Ami. Hongera. Lakini nakuomba sana, Jumatatu usiende manispaa. Nipe dakika kumi niandike vizuri.

08:42 Ami Rashidi: Marahaba mwanangu. Kuna nini?

08:58 Zuhura: Ami, viza unayoitaka inaitwa O-A. Ni ya mwaka mmoja, kwa mtu aliyetimiza miaka 50. Huombwa ukiwa nje ya Thailand, katika nchi ya uraia wako au nchi unayoishi kihalali. Wewe una pasipoti ya Kenya na makazi ya Ujerumani, kwa hiyo milango yako ni miwili. Ukijifuta Jumatatu umefunga mmoja kwa mkono wako. Na huo ndio mwepesi, maana karatasi zako zote ziko huko: benki, daktari, pensheni, polisi.

09:00 Zuhura: Cheti cha polisi na cha daktari huishi miezi mitatu tu. Ukivichukua Ujerumani kisha ukaanza kuzunguka kusalimia jamaa, vitaisha muda vikiwa kwenye begi.

09:03 Ami Rashidi: Nilidhani lazima nijifute kabla ya kusafiri.

09:07 Zuhura: Sheria yao inakupa mpaka wiki mbili baada ya kuhama, Ami. Na kabla ya kuhama hawakuandiki kama imebaki zaidi ya wiki moja. Hakuna haraka yoyote.

09:11 Kassim: Kwani Ami asiingie tu na viza ya utalii abadilishe hukohuko? Kuna rafiki yangu alifanya hivyo.

09:20 Mariamu: Inawezekana Kassim, nimeona watu wakifanya. Unaomba viza nyingine iitwayo O, ya siku 90, unaweka baht 800,000, fedha ya Thailand, kwenye benki ya huku, zikae miezi miwili, ndipo unaomba nyongeza ya mwaka. Ada yenyewe ni baht 1,900 tu. Tatizo ni benki, siku hizi mtu mwenye viza ya utalii anafukuzwa mlangoni. Tawi hili linakubali, lile halitaki. Baba ana miaka 66, sitaki aje kusimama kwenye foleni bila kujua atalala nchi gani mwezi ujao.

09:22 Kassim: Hapo nimekuelewa dada.

09:30 Ami Rashidi: Hizo baht 800,000 ni euro ngapi? Mimi sina fedha ya kulaza benki mwaka mzima. Pensheni yangu ni euro 1,300.

09:44 Zuhura: Tuhesabu kwa baht 37 kwa euro, ingawa bei hupanda na kushuka. 800,000 ni kama euro 21,600, hiyo ni njia ya kwanza hata kwa O-A. Njia ya pili ni kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, kama euro 1,757, hapo hufiki. Lakini ipo ya tatu, na wengi hawaijui: unachanganya. Pensheni yako ya mwaka ni baht 577,200. Kinachopungua kufika 800,000 ni baht 222,800, yaani kama euro 6,020 za akiba. Na kwa O-A ya kuombea Ujerumani, fedha hiyo inakaa benki yako ya hukohuko.

09:46 Ami Rashidi: Euro 6,000 ninazo. Ninazo na zaidi kidogo.

09:46 Shangazi Nuru: Allahu akbar.

09:47 Zuhura: Weka zaidi, Ami. Weka 8,000, ili bei ya baht ikiyumba wiki utakayowasilisha usikataliwe kwa tofauti ya nauli ya teksi.

09:52 Bi Salma: Jamani na mimi je? Sijafika 50, nina 48.

09:55 Zuhura: Shikamoo Bi Salma. Wewe utaomba O kama mke anayeandamana na mumewe. Cheti cha ndoa kitatakiwa, na tafsiri yake. Kiko wapi?

09:56 Bi Salma: Kiko kwenye sanduku la bluu. Sanduku lilishafungwa 🙈

09:57 Mariamu: Mama fungua leo leo

10:25 Shangazi Nuru: Na matibabu? Kaka ana presha, mnasahau.

10:38 Zuhura: Sijasahau Shangazi, hapo ndipo penye uzito. O-A inadai bima ya afya ya mwaka mzima, kiwango kisichopungua baht 3,000,000 au dola 100,000. Bima ya serikali ya Ujerumani haifanyi kazi Thailand. Kwa umri wa Ami baadhi ya kampuni hazipokei mwanachama mpya, na zinazopokea zitauliza kuhusu presha. Ami, iseme presha. Ukiificha, siku ukilazwa watachimba mafaili ya zamani na hawatalipa hata senti.

10:40 Ami Rashidi: Sitaficha. Nitasema na jina la dawa.

10:45 Mariamu: Ile O ya kubadilishia huku haidai bima, Baba. Lakini mimi nisingependa ukae bila bima hata kama sheria haiulizi.

10:49 Zuhura: Cheti cha daktari nacho kina orodha yake: ukoma, kifua kikuu, matende, uraibu wa dawa za kulevya na kaswende ya hatua ya tatu. Presha haimo. Na kwa kuwa mtapitia Kenya, chanjo ya homa ya manjano ni lazima, ipigwe angalau siku 10 kabla ya kuingia Thailand.

11:02 Ami Rashidi: Zuhura, swali moja limeninyima usingizi. Kibali changu cha kudumu cha Ujerumani nikiondoka kinakufa? Miaka 31 mwanangu. Sitaki nikiugua vibaya nishindwe kurudi kwa daktari wangu.

11:19 Zuhura: Hilo ndilo nililotaka uniulize. Kwa kawaida kinakufa ukihama moja kwa moja, au ukikaa nje zaidi ya miezi sita. Lakini aliyeishi huko kihalali miaka 15 au zaidi, na ana riziki ya kumtosha, kibali chake cha kudumu hakifi. Cha mkewe wanayeishi pamoja pia. Wewe una 31 na pensheni. Ila usiondoke na maneno matupu. Nenda ofisi ya wageni uombe karatasi inayothibitisha kwamba vibali vyenu havitakufa. Na hiyo ombeni mkiwa bado wakazi. Ndiyo maana nilikurukia asubuhi, samahani Ami.

11:21 Ami Rashidi: Umenirukia vizuri. Hakuna aliyeniambia haya. Nilikwenda ofisi moja hapa wakanipa fomu ya kujifuta tu, hata hawakuniuliza ninakwenda wapi.

11:23 Bi Salma: Zuhura Mungu akuweke. Mzee alikuwa anatembea sebuleni saa nane za usiku.

13:10 Mariamu: Baba jambo la siku ya kuingia. O-A ni ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka wake, na kila ukiingia unapigwa muhuri wa mwaka mzima. Ukitoka na kurudi kabla tu haijaisha, unapata karibu mwaka wa pili, bima yako iwe hai. Baada ya hapo kila ukitaka kusafiri chukua kwanza kibali cha kurudi, baht 1,000 safari moja au 3,800 safari nyingi. Ukisahau, ruhusa yako ya kukaa inakufia uwanja wa ndege.

13:12 Mariamu: Na kila siku 90 mfululizo unaripoti anwani uhamiaji. Hiyo niachie mimi, naiandika kwenye kalenda ya jikoni.

13:15 Kassim: Ami anaweza kufundisha ufundi wa magari kidogo? Mikono yake hiyo isikae bure

13:18 Mariamu: Hapana Kassim. Viza hii hairuhusu kazi yoyote. Afundishe wajukuu kuendesha baiskeli.

13:20 Ami Rashidi: Hiyo kazi naikubali.

JUMATATU

11:34 Ami Rashidi: Manispaa sikwenda. Nimempigia mwenye nyumba, nimemweleza yote. Amekubali tukae miezi miwili zaidi, mpangaji mpya alikuwa hajasaini. Ofisi ya wageni wamenipa miadi tarehe 14. Cheti cha polisi nitakiomba baada ya kupata bima, kisianze kuhesabu siku bure.

11:36 Zuhura: Hapo hapo Ami. Bima, kisha daktari na polisi wiki moja, kisha tunajaza maombi pamoja mtandaoni, thaievisa.go.th. Nchi unayoishi tunaandika Ujerumani.

11:37 Shangazi Nuru: Na kuja kwetu?

11:40 Ami Rashidi: Nitakuja Nuru, viza ikiwa mkononi. Nitakaa wiki tatu kwako, nichanjwe hukohuko.

11:52 Bi Salma: 📷 Picha
Cheti cha ndoa hiki hapa. Kilikuwa chini kabisa, chini ya mablanketi.